Kanuni ya Ukungu

Jumapili, 28 Aprili 1996

Mvua tangu alfajiri. Hasheem na dada yake Najat wamekuja hata hivyo, kutoka mjini kwa miguu, viatu tope tupu. Mchezo umewakamata hawa kuliko ulivyonikamata mimi!

Ni lile boksi aliloniachia mwalimu wa kujitolea, yule Mkanada, alipofunga virago Desemba. Nilikuwa nikimtaipia mitihani. Kitabu cha kanuni kisicho na jalada, na dadu za ajabu — moja ina nyuso ishirini, moja kumi, nyingine ya kawaida kama ya ludo. Hakuna ubao wala kete. Mtu mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu. Basi. Msimulizi ni mimi. Tangu ofisi ipunguze watumishi mwaka jana nimebaki na taipureta ya kukodi na barua za watu, kwa hiyo muda ninao. Kanuni nazitaipu kwa Kiswahili kidogo kidogo.

Kisa ni changu: majambazi wameteka lori la sukari likitoka mpakani Kasumulu, wamejificha msitu wa Mlima Rungwe. Hasheem, ambaye kutwa nzima anapiga kelele sokoni akiuza mitumba, ni Koplo Tingatinga. Najat ni Daktari Zuhura, daktari mwenye risasi nyingi kuliko vidonge.

Baba alikaa kona yake karibu na moto, akipukuchua maharage. Sebuleni tunapiga kelele na yeye yumo humo humo, kama hayumo. Nimezoea. Tangu Mama afariki tunaishi hivi, watu wawili na kimya kimoja. Lakini kuzoea si kupenda.

Jumapili, 5 Mei

Leo! Lazima niandike vizuri.

Koplo Tingatinga aliishiwa risasi. Jambazi mbele yake, hatua mbili. Hasheem akasema anampiga kwa bunduki yenyewe, kwa kitako. Nikatafuta kitabuni. Kitabu kinaruhusu: unarusha dadu ya ludo, ukipata moja, kitako kinapasuka na bunduki imekwisha. Hasheem akaruka. Dadu ya ludo? Bunduki ni chuma na mti mgumu, anataka ile ya nyuso kumi! Najat akasema basi na kiatu chako nacho kipewe dadu. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Mara sauti kutoka kona: "Unashika vibaya."

Tuligeuka wote. Baba alikuwa anamtazama Hasheem, aliyekuwa ameinua fimbo ya mwavuli juu ya kichwa kama mtu anayepasua kuni. Baba akaweka ungo chini. Akaenda jikoni akarudi na mtwangio.

"Si shoka hiyo. Ukiinua hivyo umeshakufa. Mguu wa kushoto mbele. Huzungushi — unasukuma. Kutoka chini kwenda juu."

Akasukuma. Mtwangio ukasimama kidole kimoja kutoka kwenye taya la Hasheem. Hasheem alifumba macho, kisha tukacheka wote, na Baba naye akatabasamu. Baba! Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Mkono huu huu ambao kikombe chake najaza nusu, maana hutetemeka akamwaga.

Najua alikwenda vita vya Kagera na mgambo wenzake, nilikuwa na miaka tisa. Najua hivyo tu. Hajawahi kusimulia hata siku moja.

Hasheem, mkono wa adabu kifuani: "Sasa mzee wangu, tuandike dadu gani?"

"Andika yoyote. Mara moja inatosha."

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamka na furaha ya kijinga. Baba aliniuliza asubuhi, "Na yule koplo amepona?" Nikamwambia amepona. "Vizuri," akasema, akachukua jembe akaenda.

Jumapili, 12 Mei

Baba anacheza!

Nilimwekea kigoda kwenye mkeka bila kumuuliza, na akakaa. Nikamuuliza mhusika wake anaitwa nani. Hana jina, akasema. Andika Mgambo.

Hesabu za dadu anazifahamu haraka kuliko Najat. Na ana akili ya porini — anauliza upepo unatoka wapi, maji yako upande gani, nani anabaki nyuma. Koplo Tingatinga sasa anamwita Afande. Nilicheka leo kuliko mwaka mzima. Wivu pia nilikuwa nao, niseme kweli. Miaka yote namwita Baba, Baba, hajibu. Wageni na dadu wakaja, akajibu.

Tulipofika kwenye ukungu akasimamisha mchezo. Hapa Tukuyu ukungu si hadithi, kila asubuhi upo mlangoni. Akasema kitabu chetu kina kasoro. Katika ukungu, kabla mtu hajapiga kwa kitako, arushe kwanza dadu ya kumjua anayempiga.

Hasheem akashangaa. Mzee, mtu yuko hatua mbili mbele yako, hutamjua?

"Arushe kwanza."

"Na akipata moja?"

"Akipata moja, amempiga wa kwake."

Alisema taratibu. Tukaona ni kanuni nzuri, inaongeza utamu. Nimeitaipu leo hii hii, nimeipa kichwa: KANUNI YA UKUNGU (ya Baba). Nimempa aisome. Aliishika karatasi muda mrefu.

Jumatano, 22 Mei

Redio imesema jana meli ya MV Bukoba imezama Ziwa Victoria. Mamia ya watu. Maombolezo nchi nzima. Sokoni watu wamesimama kwenye maduka yenye redio, hakuna anayenunua. Hasheem hakupiga kelele za mitumba. Mimi sina ndugu kule, lakini nimelia nikipika.

Baba amezima redio yetu. Akaiwasha. Akaizima tena.

Ijumaa, 24 Mei

Bibi Veronika amekuja kutoka Lufingo, kwa miguu, na miaka yake sabini na kitu. Na kikapu kichwani, kama kila mwaka.

Kila mwaka huja na maharage yake mapya. Ni mama wa Amoni, rafiki yake Baba, aliyekwenda naye vitani asirudi. Baba ndiye aliyeleta habari mwaka 1979: Amoni alipigwa risasi na adui, hakuteseka, na yeye Baba alimfumba macho na kumzika hukohuko. Tangu siku hiyo Bibi humletea maharage kwa shukrani. Na Baba hayali. Miaka kumi na saba! Husema tumbo. Mama alikuwa anayapika tunakula sisi wawili, Baba anakula ugali na chumvi. Nami naamini ni tumbo.

Leo Bibi hakuja na shukrani tu. Redio imemvuruga.

"Mwanangu Ambindwile," alimwambia Baba, "wa meli wanatafutwa mmoja mmoja. Wa kwangu nani alimtafuta?"

Baba alitazama chini.

Anasema hataki kufa kabla hajamzika mwanawe. Mwili hana, lakini shati lake la shule analo, amelitunza sandukuni. Atazika shati, migombani, walikozikwa wazee wake. Ukoo umekubali. Siku ni Jumamosi ya tarehe nane Juni, mchungaji atakuwepo. Na udongo wa kwanza atatia Baba.

"Kwa sababu mkono wako ndio uliomgusa mwisho. Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Ndaga fijo."

Akaushika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili. Nilitazama. Ulikuwa unatetemeka mpaka mikono ya Bibi nayo ikatetemeka.

Jumapili, 26 Mei

Nimefanya nini leo? Sijui nimefanya nini.

Nilitaka kuahirisha mchezo. Baba akasema hapana, waje. Nikafurahi, nikadhani mchezo utamtoa mawazo.

Kambi ya majambazi, alfajiri, ukungu mzito. Nikatunga — kutoka kichwani kwangu, naapa — kwamba ni marufuku kufyatua, maana kambi yote itaamka. Vitako tu.

Baba akaniuliza, "Nani amekwambia hivyo?"

"Hakuna, Baba. Nimetunga."

Nikasema: Mgambo anaona mtu anakuja upande usiotarajiwa. Nikamuuliza anafanya nini. Hasheem akamhimiza, piga Afande, piga! Baba akarusha dadu ya kumjua mtu.

Moja.

Na mimi mpumbavu nikapiga makofi! "Baba, kanuni yako mwenyewe! Umempiga Koplo Tingatinga!" Hasheem naye si mtu wa kupewa nafasi — akajitupa kwenye mkeka, akatoa ulimi, akalia kwa sauti ya kuigiza: mwenzangu, umeniua mwenzangu! Najat alicheka mpaka machozi.

Baba aliichukua dadu, akairudisha ndani ya boksi. Akafunika boksi. Akatoka nje kwenye mvua bila koti.

Nilimwita. Hakugeuka.

Jumanne, 28 Mei

Baba hali chakula. Chai nayo haimalizi. Nimemuuliza kama ni malaria. Amesema ndiyo. Paji lake la uso ni baridi.

Alhamisi, 30 Mei

Tumechuma chai leo, mimi na yeye, kwenye kale kashamba ketu ka Kawetele. Ukichuma chai humtazami mwenzako. Kila mtu na mstari wake, macho kwenye majani, mikono inakwenda. Pengine ndiyo maana ameweza.

Alianza bila kunitaja jina.

Ilikuwa Uganda, alfajiri, karibu na kinamasi chenye mafunjo. Ukungu kama wa huku kwetu, akasema, mpaka tukasema tumerudi nyumbani. Amri ilikuwa hakuna kufyatua, adui wako jirani. Yeye alikuwa zamu. Amoni alikwenda kuteka maji. Alitakiwa kurudi kwa njia ya nyuma na kujibu neno la siri. Akarudi kwa mbele, ananyata. Baba akauliza neno. Hakujibiwa. Akauliza tena.

"Alikuwa na tabia hiyo. Tangu tukichunga ng'ombe wa baba yake. Anakunyatia, anakushtua, anacheka mpaka anakaa chini. Mimi pia nilikuwa namfanyia. Alikuwa anacheza, mwanangu. Vitani pale, bado alikuwa anacheza."

Mikono yangu ilisimama. Yake iliendelea kuchuma.

"Niliweka mguu mbele. Nikasukuma. Mara moja. Alipoanguka ndipo akaniita jina langu. Kwa Kinyakyusa. Akasema, Ambindwile, ni mimi. Yeye alinijua kabla sijamjua."

Aliwaambia wenzake kwamba Amoni ameuawa na adui. Hakuna aliyeuliza. Ni kweli alimfumba macho, ni kweli alimzika. Hiyo sehemu si uongo.

Kisha akasema kitu ambacho sitakisahau mpaka nife. Akasema: "Ile kanuni niliyokupa — nilitaka angalau kwenye mchezo mtu apewe nafasi ya kumjua mwenzake. Nami niliporusha nikapata moja."

Tulimaliza mstari. Tulipima majani. Tulirudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma. Sikumshika hata mkono. Kwa nini sikumshika mkono?

Ijumaa, 31 Mei

Nimemwambia asiseme. Ndiyo, mimi. Nimesema, Baba, Bibi ni mzee, ana amani yake, umuachie. Tia udongo, sema amina, rudi nyumbani. Ukoo wake ni mkubwa, wakisikia watakufanya nini?

Akaniuliza, "Na mkono nitaupeleka wapi?"

Nikachochea moto.

Hasheem amepita jioni kuuliza kama Jumapili tunacheza. Nimesema Baba anaumwa. Ameona aibu, anadhani alizidisha utani wa kujifanya amekufa. Maskini. Ameacha koti la mtumba, zito, zuri, limrejeshee mzee afya. La kijani. Lina vifungo vya jeshi la nchi gani sijui. Nimelificha chini ya kitanda changu kabla Baba hajaliona.

Jumapili, 2 Juni

Meza ya Bwana kanisani. Baba alitoka kabla haijafika kwenye benchi letu. Siku zote hutoka. Nilikuwa naona haya mbele za watu, nikidhani ni kwa sababu ya pombe ya kimpumu anayokunywa na wenzake. Mtoto wa miaka ishirini na sita, nimelala nyumba moja naye, na simjui kabisa.

Mchana nililichukua boksi niliingize motoni. Nikaishia kuchoma ukurasa mmoja, ule wa ukungu. Haikunisaidia.

Jumatano, 5 Juni

Hatusemi. Lakini jana nilimkuta jikoni amesimama mbele ya sufuria. Maharage ya Bibi. Ameyapika mwenyewe. Alichota kijiko, akakiinua mpaka mdomoni, akakirudisha.

Ijumaa, 7 Juni

Amenyoa ndevu. Amepiga pasi shati. Nimemuuliza: utasema, Baba, au hutasema?

"Nikifika nitajua."

Nimemwambia nakwenda naye. Nikasema na lingine, sikulipanga: hata ukisema, mimi bado ni mwanao. Alinitazama usoni, siyo pembeni ya uso kama kawaida yake. "Tuli," akasema. Basi. Jina langu tu. Nimelia chooni ili asinisikie.

Jumamosi, 8 Juni. Lufingo

Naandika nyuma ya nyumba ya Bibi Veronika, nimekaa kwenye gogo kando ya kinu. Daftari nililibeba ndani ya kikapu, chini ya unga wa rambirambi. Nikikaa bure nitapata wazimu.

Watu watakuja saa sita. Sasa ni saa tatu. Wajomba wawili wa marehemu wanachimba shimo migombani, dogo, la shati. Baba yuko ndani na Bibi. Wamenitoa.

Tulipofika ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya migomba. Bibi alitusikia kabla hajatuona. "Mwaghonile!" akatusalimu — sauti ya mtu mwenye wageni aliowangoja. Akamkalisha Baba kwenye kigoda cha Amoni. Shati liko mezani, limekunjwa, jeupe, dogo. Kumbe alikuwa na mwili mdogo.

Akaleta mbalaga, ndizi zimeiva laini, na maharage. Akaleta beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti mwenyewe, mzee yule, ili amnawishe Baba mkono wa kulia. Akauosha polepole, kidole kimoja kimoja.

Baba akautoa mkono kwenye maji.

"Mama, siwezi kula."

Bibi akasema miaka kumi na saba hujala kwangu, leo utakula.

"Siwezi kula mpaka niseme."

Bibi akabaki na taulo mkononi. Baba akaniangalia. "Tuli, toka nje."

Nimetoka. Ukuta ni wa udongo, nasikia. Anasema Kinyakyusa, taratibu, kama anayesoma. Nimesikia kinamasi. Nimesikia maji. Nimesikia akijiita jina lake mwenyewe, kwa namna Amoni alivyomwita. Kisha kimya. Wachimbaji nao wamenyamaza, sijui kama wamesikia au wamechoka.

Naendelea kuandika.

Bibi ametoka. Halii. Amekuja moja kwa moja upande wangu, nikasimama, nikadhani ananifuata mimi. Hata hakunitazama. Amechukua mtwangio ulioegemea ukuta karibu na bega langu. Ni mzito, mrefu kuliko yeye, ameubeba kwa mikono miwili. Amerudi nao ndani.

Sikumzuia. Ee Mungu, sikumzuia.

Sauti yake ni ya kawaida kabisa, kama anayemwagiza mtu chumvi. Anasema: shika. Shika ulivyoishika ile bunduki.

Baba anasema, Mama, hapana.

"Alisimama wapi? Hapa? Niambie. Nitasimama pale aliposimama. Nionyeshe, Ambindwile, nimuone mwanangu mara ya mwisho."

Nimefika mlangoni. Umefungwa kwa ndani. Nimegonga, nimemwita Baba, hajibu. Naandika nimesimama, daftari nimeliegemeza mlangoni.

Nasikia mguu wa Baba ukisogea mbele kwenye sakafu ya udongo, kama siku ile alipomwonyesha Hasheem.